Bonasi si Zawadi: Lugha ya Ubia katika Mnyororo wa Ugavi wa Chai ya Wakulima Wadogo Nchini Kenya

1. Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutumiwa zaidi na wenye maduka, na ni nadra kuisikia ikihusishwa na mkulima anayebeba kikapu cha majani mabichi ya chai hadi kituo cha kununulia. Hata hivyo, mkulima huyo ni mfanyabiashara pia. Ana mali, ana mnunuzi, ana mkataba na, zaidi ya yote, ana hesabu ambayo huandikwa na mtu mwingine kwa lugha ambayo pengine haielewi vyema.

Katika miaka ya hivi karibuni pamekuwa na mazungumzo mengi kuhusu haja ya kujenga minyororo endelevu ya ugavi wa mazao kwa kushirikiana na wakulima wadogo. Mazungumzo hayo aghalabu huhusu mbegu, mbolea, mikopo, barabara na hali ya hewa. Haya yote ni muhimu. Makala haya lakini yanadhamiria kuonyesha kuwa ubia hujengwa pia kwa maneno, na kwamba pale ambapo neno moja lina maana mbili tofauti kwa pande mbili za mkataba, ubia huo una ufa tangu msingi. Neno tutakalolichunguza kwa kina ni bonasi, jinsi linavyotumiwa katika maeneo yanayokuza chai nchini Kenya. Tutaanza kwa kueleza safari ya jani la chai, kisha tuchambue istilahi kadhaa, tufanye hesabu, na hatimaye tupendekeze kazi ambayo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuifanya.

2. Safari ya jani: kutoka shambani hadi mnadani

Chai ilipandwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka wa 1903 huko Limuru. Kwa miongo mingi ya ukoloni zao hili lilikuwa la walowezi na makampuni makubwa, huku Waafrika wakizuiwa kulikuza kwa ajili ya biashara. Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954 ndio uliowafungulia Waafrika mlango wa kukuza mazao ya kuuza kwa wingi. Kiwanda cha Ragati, katika eneo la Nyeri, kilijengwa mwaka wa 1957 kwa ajili ya majani ya wakulima wadogo. Mwaka wa 1960 iliundwa mamlaka ya kuendeleza mazao maalumu, na mwaka wa 1964 pakaanzishwa mamlaka ya ustawishaji wa chai, KTDA. Shirika hili lilibinafsishwa mwaka wa 2000. Chini ya mpango huo, wakulima ni wenyehisa wa kampuni za viwanda vyao, na kampuni hizo nazo ndizo zenye KTDA inayoviendesha viwanda kwa niaba yao na kutozwa ada ya usimamizi.

Hivi leo wakulima wanaohudumiwa kwa mpango huu wanazidi 600,000, na wakulima wadogo kwa jumla huzalisha zaidi ya nusu ya chai ya Kenya. Kwa hivyo si sahihi kuwaona kama kundi la pembezoni linalosaidiwa na wakubwa. Wao ndio nguzo ya zao lenyewe.

Tuifuate safari ya jani. Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi. Majani hupelekwa kituoni siku iyo hiyo, karani huyapima na kumpa mkulima risiti, kisha lori huyasafirisha hadi kiwandani. Huko hunyaushwa, hukatwakatwa na kusagwa, huachwa yabadilike rangi kwa kuguswa na hewa, hukaushwa, huchambuliwa kwa madaraja na kutiwa katika mifuko. Kilo nne hivi za majani mabichi, au zaidi kidogo, hutoa kilo moja ya chai iliyo tayari. Sehemu kubwa ya chai hiyo hupelekwa Mombasa na kuuzwa mnadani kupitia kwa madalali, kwa dola za Marekani. Mnada huo, ambao hufanyika kila wiki, huuza pia chai inayotoka Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine za eneo hili. Kutoka hapo chai husafiri hadi Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko.

Sifa mbili za zao hili zinastahili kukumbukwa. Kwanza, jani bichi huharibika upesi. Mkulima hawezi kuliweka ghalani akisubiri bei nzuri kama afanyavyo mkulima wa mahindi. Pili, mchai huishi kwa miongo mingi. Aliyeupanda hawezi kubadilisha zao kila msimu. Sifa hizi zinamfunga mkulima kwa kiwanda chake. Vilevile zinakifunga kiwanda kwa mkulima, kwani mitambo isiyo na majani ni chuma kitupu. Hali hii ya kutegemeana ndiyo inayofanya suala la uaminifu kuwa zito.

3. Istilahi na mizizi yake

Mwanafunzi wa isimu hawezi kulipita neno bila kuuliza limetoka wapi. Tuchunguze istilahi tano.

(a) Ugavi. Neno hili linatokana na kitenzi gawa. Konsonanti w hubadilika kuwa v inapofuatwa na kiambishi tamati -i cha unominishaji, kama tunavyopata mlevi kutokana na lewa. Mzizi huu huu umezaa mgao, mgawanyo na gawio. Kwa hivyo, katika Kiswahili, wazo la kufikisha bidhaa kwa anayeihitaji halijatengana na wazo la kugawa. Anayetaja mnyororo wa ugavi anaalika swali: je, kinachogawanywa ni nini, na nani anapata fungu gani?

(b) Mnyororo. Neno hili lina sura mbili. Mnyororo huunganisha pete moja na nyingine zikawa kitu kimoja chenye nguvu. Mnyororo pia hufunga mfungwa. Katika pwani yetu, ambako historia ya biashara ya watumwa haijasahaulika, sura hii ya pili haiwezi kupuuzwa. Jambo linaloamua iwapo mkulima ameunganishwa au amefungwa ni kama ana uwezo wa kujua na kuuliza.

(c) Mkataba. Neno hili ni ndugu ya kitabu, katibu na maktaba. Yote yana asili ya Kiarabu inayohusu kuandika. Mkataba basi ni maandishi, na maandishi humhitaji msomaji. Mkataba uliotiwa sahihi au alama ya kidole na mtu ambaye hakuelewa yaliyomo ni mkataba kwa jina tu.

(d) Endelevu. Hiki ni kivumishi kilichoundwa kutokana na kitenzi endelea, kama sikivu kutokana na sikia na potevu kutokana na potea. Kitu endelevu ni kile chenye tabia ya kuendelea. Ubia unaosimama kwa sababu tu mfadhili yupo, kisha ukaanguka anapoondoka, haustahili sifa hiyo.

(e) Mkulima mdogo. Istilahi hii imezoeleka, nayo makala haya yameitumia. Lakini tazama jinsi kivumishi kilivyohama: kilicho kidogo ni shamba, ila anayeitwa mdogo ni mtu. Katika jamii ambamo mdogo hutarajiwa kumsikiliza mkubwa, uhamisho huu haukosi athari. Mtu anayeitwa mdogo katika kila mkutano hatarajiwi kuwa wa kwanza kuuliza swali kuhusu hesabu. Pengine istilahi mkulima wa shamba dogo ingekuwa ya haki zaidi.

4. Bonasi: neno na hesabu yake

Sasa tuingie katika kiini cha makala haya. Mkulima anayepeleka majani katika kiwanda cha mpango wa KTDA hulipwa kwa awamu. Kila mwezi hupata malipo ya awali kwa kila kilo aliyoipeleka. Mwaka wa fedha, unaoanza Julai na kukamilika Juni, unapofungwa na hesabu kukaguliwa, hupata malipo mengine makubwa. Malipo haya ndiyo yanayojulikana kila mahali, kuanzia vituoni hadi magazetini, kama bonasi.

Katika matumizi ya kawaida, bonasi ni nyongeza. Ni kitu anachopewa mfanyakazi na mwajiri wake juu ya mshahara, kwa hisani au kwa kumpongeza. Mfanyakazi asipopewa anaweza kusikitika, lakini hawezi kudai kuwa ameibiwa. Je, malipo ya pili ya chai ni ya aina hiyo?

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa minajili ya hesabu pekee. Tuseme kilo moja ya chai iliyo tayari imeuzwa kwa shilingi 320, na kwamba imetokana na kilo 4 za majani mabichi. Kila kilo ya majani basi imeingiza shilingi 80. Tuseme gharama zote, yaani usafirishaji, kuni na umeme, mishahara, ada ya usimamizi, ada za mnada na riba ya mikopo, ni shilingi 25 kwa kila kilo ya majani. Zinabaki shilingi 55. Ikiwa mkulima amekwisha kulipwa shilingi 25 kila mwezi kwa kila kilo, salio lake ni shilingi 30. Hiyo ndiyo inayoitwa bonasi.

Mkulima aliyepeleka kilo 4,000 kwa mwaka amepata shilingi 100,000 kwa malipo ya kila mwezi, na anangoja shilingi 120,000. Yaani sehemu iliyo kubwa ya jasho lake ndiyo iliyopewa jina la zawadi. Aidha, gharama zikipanda kwa shilingi 5 tu kwa kila kilo, pengine kwa sababu ya mkopo wa mtambo mpya, salio hushuka hadi shilingi 25, naye hupoteza shilingi 20,000. Hiyo inaweza kuwa karo ya mtoto. Ikiwa mkulima anaamini kuwa bonasi ni hisani, atasema mwaka huu hatukubahatika. Ikiwa anajua kuwa ni salio la mauzo ya majani yake, atauliza: gharama gani imepanda, na nani aliiidhinisha?

Tofauti kati ya kauli hizi mbili ndiyo tofauti kati ya mpokeaji na mbia. Katika Kiswahili, kufanya jambo bia ni kulifanya kwa ushirika, kila mmoja akitoa na kila mmoja akipata. Mbia hapewi, mbia hugawiwa kilicho chake baada ya hesabu.

Ikumbukwe pia kuwa mkulima mwenye hisa anaweza kupata gawio, ambalo ni faida ya hisa. Gawio si bei ya majani. Katika mazungumzo ya kila siku, malipo ya mwezi, salio na gawio huchanganywa, na anayechanganya fedha za aina tatu hawezi kujua ni ipi iliyopungua.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika mwaka wa 2024 na tena mwaka wa 2025, wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa walipolalamika kuwa malipo yao ya mwisho yalikuwa ya chini mno yakilinganishwa na ya wenzao wa mashariki mwa bonde hilo. Sababu zinazoweza kuleta tofauti baina ya kiwanda na kiwanda ni nyingi: bei iliyopatikana mnadani, ubora wa majani, gharama za uendeshaji na uzito wa madeni. Kila mojawapo inaweza kuonyeshwa kwa tarakimu. Lakini pale ambapo tarakimu hazijafika kwa mkulima katika lugha anayoielewa, mjadala huacha kuwa wa hesabu na kuwa wa nani anapendelewa. Mkulima aliyekata tamaa hung'oa michai au huwauzia majani wachuuzi wa kando, na hapo mnyororo hukatika. Kamba hukatikia pabovu.

5. Shamba darasa: funzo kuhusu lugha ya maelezo

Pamoja na changamoto hizi, ipo mifano inayotia moyo. Mbinu ya shamba darasa, iliyoasisiwa nchini Indonesia mwaka wa 1989 kwa wakulima wa mpunga chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilianza kutumiwa kwa wakulima wa chai wa Kenya mwaka wa 2006 kwa ushirikiano wa KTDA na kampuni ya Unilever. Mwaka uliofuata, 2007, Unilever ilitangaza kuwa itanunua chai kutoka mashamba yaliyoidhinishwa na Rainforest Alliance, na baadaye viwanda vya wakulima wadogo vikaanza kupata ithibati hiyo. Kampuni hiyo imekwisha kuiuza sehemu kubwa ya biashara yake ya chai, mwaka wa 2022, lakini funzo la mbinu yenyewe limebaki.

Katika shamba darasa wakulima hukutana shambani mara kwa mara, hujaribu jambo, hulipima na kulijadili. Tuchukue mfano wa upogoaji. Mchai hupogolewa kila baada ya miaka michache. Matawi yaliyokatwa yana thamani kama kuni, na mama mwenye jiko hawezi kulaumiwa kwa kuyatamani. Agizo la kwamba yasiondolewe shambani, likitolewa bila maelezo, huonekana kuwa ukatili. Lakini wakulima wenyewe wanapolinganisha kipande cha shamba kilichofunikwa kwa matawi na kile kilichoachwa wazi, wakaona tofauti ya unyevu na rutuba, agizo hugeuka kuwa maarifa. Aliyeelewa sababu haihitaji karipio.

Jambo la kuzingatiwa na wanaisimu ni hili: mazungumzo ya shamba darasa hufanyika kwa lugha ambayo wakulima wanaizungumza, iwe Kikuyu, Kimeru, Kikipsigis, Ekegusii au Kiswahili. Ikiwa tunaweza kumweleza mkulima kuhusu rutuba kwa lugha yake, hakuna sababu ya kimantiki ya kumweleza kuhusu riba na ada kwa lugha ya kigeni. Mafunzo ya kilimo yamevuka kizingiti cha lugha. Mafunzo ya hesabu bado yamesimama mlangoni.

6. Pingamizi na majibu

Huenda msomaji akapinga kwa kusema kuwa bonasi limekwisha kuwa neno la Kiswahili, na kwamba lugha ni mali ya wazungumzaji. Hoja hii ina mashiko. Makala haya hayapendekezi kulipiga marufuku neno. Yanapendekeza kuwa katika hati rasmi liandikwe malipo ya salio, na maana yake ielezwe, hata kama sokoni watu wataendelea kusema bonasi.

Wengine watasema kuwa bei huamuliwa Mombasa na masoko ya dunia, na kwamba istilahi nzuri haiongezi hata senti moja. Ni kweli. Neno haliwezi kushindana na soko, wala halichukui nafasi ya mkaguzi wa hesabu. Linaloweza kufanya ni kumwezesha mkulima kutenganisha hasara iliyoletwa na soko na hasara iliyoletwa na usimamizi. Ya kwanza huvumiliwa pamoja. Ya pili hurekebishwa.

7. Wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili

Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu cha 35 nacho kinampa raia haki ya kupata habari anazozihitaji ili kutetea haki zake. Vifungu hivi vikisomwa pamoja, vinatupa sisi wa idara za Kiswahili kazi ya kufanya. Tunapendekeza hatua nne.

Kwanza, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vilivyo karibu na maeneo ya chai viandae faharasa fupi ya istilahi za malipo: malipo ya awali, malipo ya salio, gawio, ada ya usimamizi, riba, makato, mnada, daraja. Kila istilahi ifafanuliwe kwa sentensi moja na mfano mmoja wa tarakimu.

Pili, tafsiri ya taarifa za hesabu za viwanda iwe mada inayokubalika ya tasnifu. Tumetafsiri riwaya na tamthilia kwa ufanisi. Mizania ya kiwanda ni matini pia, tena yenye wasomaji wengi wanaoisubiri.

Tatu, rasimu zisomwe mbele ya wakulima kabla ya kuchapishwa. Istilahi isiyoeleweka kituoni haina budi kubadilishwa, hata kama inasifiwa darasani.

Nne, risiti na taarifa za malipo zitenganishe waziwazi mapato, gharama na salio kwa kila kilo. Mistari mitatu iliyo wazi ina faida kuliko kurasa thelathini zisizosomeka.

8. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa uendelevu wa mnyororo wa ugavi wa chai haumo katika udongo na mitambo pekee. Umo pia katika uwezo wa mkulima wa kusoma hesabu ya jani lake tangu kituoni hadi mnadani. Tumeona kuwa ugavi una mzizi wa kugawa, kwamba mkataba humhitaji msomaji, na kwamba bonasi ni jina lisilofaa la deni ambalo kiwanda kinadaiwa na mwenye majani. Jembe halimtupi mkulima, walisema wazee. Nasi tusimtupe kwa kumwachia daftari asiloweza kulisoma.

Maswali ya mjadala

1. Eleza mabadiliko ya kifonolojia yanayotokea katika uundaji wa nomino ugavi na mlevi. Toa mifano mingine miwili ya nomino zilizoundwa kwa kiambishi -i kutokana na vitenzi.
2. Linganisha istilahi mkulima mdogo na mkulima wa shamba dogo kwa kuzingatia athari za kijamii za uteuzi wa maneno.
3. Chukua risiti au taarifa yoyote ya malipo ya zao linalokuzwa kwenu, kama vile kahawa, miwa au maziwa. Bainisha maneno matatu yanayoweza kueleweka kwa maana mbili, kisha upendekeze namna ya kuyafafanua.